Weupe wa Ngitili

Benedikta, mpika chai wa ofisi ya mradi, hakuwa anamwekea mtu kikombe mezani kabla hajamtegea. Uwe bosi, uwe mlinzi, chai ya Benedikta ilipitia kwanza kwenye kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Blandina huku akifungua madirisha.

"Nina ng'ombe wangu, majani hali, maji hataki, anakunywa dizeli tu. Akinyamaza, ofisi nzima inalala."

"Jenereta."

"Alaa! Leo umeniponyoka. Jana ulishindwa ukanipa Maswa nzima, na kata yake ya Binza."

"Na juzi nilikupa Lamadi."

"Lamadi nilikurudishia mwenyewe. Inanuka samaki."

Wakacheka. Ndiyo raha ya mchezo ule. Anayeshindwa anaombwa mji, anatoa mji wowote autakao kwa mdomo wake, na jioni mji uko palepale, watu wake wanasonga ugali bila habari. Blandina alikuwa amegawa miji tangu akiwa mtoto wa kuchunga ndama, na hakuna hata mmoja uliopotea.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita. Ofisi yenyewe ilikuwa ghala la zamani la pamba pale Bariadi mjini. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuja na mizani zao na malori yao, ghala lilibaki nusu tupu, na mradi wa ramani ukapanga chumba kimoja. Harufu ya mbegu za pamba ilikuwa bado imeng'ang'ania kuta. Kila wiki mgeni alishuka mjini na gari jipya akitafuta cha kununua: pamba, ngozi, ng'ombe. Mwaka ule walianza kutafuta ardhi.

Na kazi ya Blandina ilikuwa kuipaka ardhi rangi.

Picha zilipigwa kutoka huko juu, juu kuliko ndege, zikaletwa kwenye disketi. Zilikuja bila rangi. Zilikuwa namba, kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, kila kipande cha nchi na namba yake. Kompyuta haikujua kwamba namba hii ni mto na ile ni shamba. Mpaka mtu aiambie. Mtu huyo alikuwa Blandina. Alikaa na jedwali la rangi lenye mistari mia mbili hamsini na sita, na katika kila mstari akaandika namba tatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani. Ilikuwa kama kutia chumvi. Ukizidisha nyekundu kidogo, shamba linaonekana linaungua. Sifuri tatu ni giza la ndani ya chungu. Mia mbili hamsini na tano mara tatu ni weupe wa maziwa.

Aliyemfundisha alikuwa mtaalamu mmoja kutoka Morogoro, Athanasi, aliyekaa wiki tatu akaondoka. Maneno yake ya mwisho Blandina aliyaandika nyuma ya daftari: "Usichague rangi za kupendeza. Chagua rangi ambayo mtu wa hapa akiiona ataelewa bila kuuliza."

Basi akachagua hivyo. Mbuga akaipa nyeusi, maana udongo wake ni mweusi, unaokushika mguu wakati wa mvua. Pamba akaipa njano ya ua lake. Maji, bluu. Alipofika namba mia moja sitini hadi mia moja sabini na tano alisimama, akatabasamu peke yake. Alikuwa amefuata kona ya barabara na mkono wa mto mpaka akaipata Sapiwi kwao, na zile namba zilikuwa zimekaa mahali anapopajua kwa nyayo zake: ngitili ya ukoo wao. Nyasi kavu zilizosimama, ambazo hazijaguswa na mdomo wa ng'ombe tangu masika yaishe.

Ngitili ndiyo akiba ya mfugaji. Mvua zikikoma inafungwa, na ng'ombe haingii hata akilia, mpaka kiangazi kibane kweli na mahali pengine pote pabaki vumbi. Siku ya kuifunga, guku yake, yaani babu yake, mzee Mboje, alikoroga udongo mweupe wa mtoni kwenye kibuyu, akapaka miti ya mpakani mmoja mmoja, kimo cha kifua. Mchungaji akiona mti mweupe anageuza ng'ombe. Weupe ule ulisema: hapa pana mwenyewe, rudi.

Kwa hiyo Blandina akaandika weupe. Mistari kumi na sita, mia mbili hamsini na tano mara tatu. Akajisifu moyoni kwamba hata guku, asiyejua kusoma, akiiona ramani hii ataelewa bila kuuliza.

Sasa, na chai mkononi, akaenda kuitazama ramani iliyotoka kwenye printa jana yake, ikakaushwa mezani usiku kucha. 

Mtu alikuwa amezungusha kalamu ya risasi kuuzunguka ule weupe wa Sapiwi. Mviringo mzuri, wa mtu asiye na haraka. Katikati yake ameandika: *Ardhi wazi. Kiwanja cha ranchi.*

Blandina akasoma mara mbili. Halafu macho yake yakateremka chini, kwenye pembe ya karatasi, pale penye ufunguo wa ramani. Ufunguo haukuwa wake. Ulikuja umeshachapwa kwenye karatasi kubwa kutoka makao makuu, na hakuwahi kuuona kwa sababu yeye alifanya kazi kwenye kioo cha kompyuta tu. Visanduku vinne vya rangi. Kijani: msitu. Bluu: maji. Njano: mashamba. Na kisanduku cha mwisho kitupu, cheupe kama karatasi yenyewe: *ardhi wazi, isiyotumika.*

Chai ikamwagika kwenye kidole. Hakusikia moto wake.

"Umeona shetani?" Benedikta akauliza.

"Nimeona mkono wangu," alisema Blandina.

Bwana Januarius, mkuu wa ofisi, aliingia na funguo zikilia mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkataba unaokwisha mwezi wa tisa, na mtu wa namna hiyo hasikii maneno marefu.

"Bosi," Blandina alianza, "huu mviringo..."

"Mzuri, eeh? Wakala wa ranchi anatoka Dar, amelala hapa gesti. Saa nane kamati ya ardhi inakaa hapa hapa, wanasaini mapendekezo, faili linaondoka leo hii kwenda mkoani Shinyanga. Ramani yako imewafurahisha sana, tangu walipoiona kwenye kioo mwezi uliopita. Wamesema ni safi, mtu anaona haraka pale pasipo na kitu."

"Nilikuwa nataka kurekebisha rangi kidogo."

Januarius akamtazama kama mtu aliyesikia mlio ndani ya injini.

"Rangi gani? Blandina, nisikilize. Karani aliyekutangulia aligusa faili bila ruhusa, saa moja baadaye alikuwa nje na begi lake. Ramani imeshapitishwa. Mtu asiiguse. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Ndivyo alivyosema. Akarudi kwenye kiti chake. Alijiona kama mtu aliyeacha mlango wa zizi wazi, sasa anasikia fisi ndani na hathubutu kwenda kutazama. Akisema, kazi imekwenda, na mshahara ule ndio uliokuwa unawasomesha wadogo zake wawili. Asiposema, mwezi wa kumi ng'ombe wa kwao watasimama mbele ya uzio wa mtu, mbavu nje. Na uzio huo atakuwa ameuchora yeye, kwa mapenzi kabisa, akitabasamu.

Saa nne, kana kwamba hofu ina miguu ya kumfuata, baiskeli ikaegemezwa ukutani.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, guku."

Baada ya salamu hiyo ya Kisukuma, mzee Mboje, aliyezoea kumwita mjukuu wake mayu, yaani mama, alivua kofia, akasimama mlangoni. Hakupenda kuingia chumba chenye mashine. Alikuwa na mfuko wa michembe, vile vipande vya viazi vikavu ambavyo Blandina alivipenda tangu meno ya utoto. Akampa kwa mikono miwili, na Blandina akaona kucha zake. Zilikuwa nyeupe, udongo umekauka mpaka kwenye vifundo.

"Umepaka tena miti? Si mlishapaka mwezi wa tano?"

"Tumerudia. Wiki iliyopita tumekuta vigingi." Mzee aliteremsha sauti. "Vigingi vya chuma, mayu, ndani ya ngitili. Hakuna aliyebisha hodi. Nikasema labda udongo umefifia hawakuuona. Tumepaka upya, safari hii mzito, hata mwenye mtoto wa jicho ataona. Nyasi zimefika kifuani mwaka huu! Hatutalia kama mwaka ule."

Mwaka ule hakuutaja jina. Blandina alikuwa na miaka kumi. Alikumbuka ng'ombe wa mwisho, jike mwenye doa la shingo, alivyopiga magoti njiani akitoka kutafuta maji, na guku akakaa chini kando yake, akamwekea mkono kwenye pembe, akakaa hivyo mpaka jua likazama. Baada ya mwaka ule ndipo ukoo ukaapa ngitili haitafunguliwa kabla ya wakati wake hata kwa mkwe.

"Wewe si unafanya kazi na watu wa ardhi?" mzee akauliza. "Huna habari ya vigingi?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. 

"Sina, guku."

Mzee akamtazama kidogo tu, akavaa kofia. "Haya. Wewe upo humo ndani. Nikikumbuka hivyo nalala usingizi." Akaondoka na baiskeli yake taratibu, akiisukuma, maana tairi la nyuma lilikuwa linavuja.

Benedikta alikuwa kwenye jiko lake la mkaa, amesikia yote. Hakutega kitu. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo michembe umeishika kama nyoka. Kuna nini?"

Blandina akamweleza. Alieleza haraka, kwa kunong'ona.

Benedikta akafikiri. "Sasa hiyo rangi haifutiki?"

"Inafutika kwa dakika moja. Lakini nimekatazwa kugusa."

"Na bosi anaenda kuwachukua wageni saa sita na nusu. Mimi nitakaa mlangoni. Nikipiga sufuria, ujue anarudi."

Saa sita na nusu gari liliondoka. Blandina akakaa mbele ya kioo. Vidole vilikosa herufi mara mbili kabla faili halijafunguka. Mstari wa mia moja sitini. Akafuta weupe akaandika zambarau: mia moja ishirini, arobaini, mia moja arobaini. Mistari kumi na sita. Akabonyeza, na mbele ya macho yake ngitili ya Sapiwi ikageuka zambarau kama wingu la mvua. Akashusha pumzi. Akaiagiza printa.

Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikachora mto, ikachora barabara, na ilipofika Sapiwi ikatoa mistari myembamba ya kijivu, halafu ikawa haitoi kitu. Wino wa rangi ulikuwa umeishia kwenye ramani ya jana. Karatasi ikatoka na Sapiwi ikiwa imebaki bila rangi.

Nyeupe.

 Ilikuwa kana kwamba kuna mtu ndani ya mashine anayemcheka.

Sufuria likalia nje. Likalia mara ya pili, kwa nguvu. Akaikunja ile karatasi akaitia ndani ya blauzi, akazima kioo tu, maana muda wa kuzima kompyuta haukuwepo. Januarius alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafuta vumbi, bosi."

"Kwa mkono mtupu?" Akamtazama sana. Lakini wageni walikuwa wanaingia, na akaweka tabasamu. "Njoo, kuna kazi. Ukuta huu haushiki misumari. Utatushikia ramani."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba saa nane kamili Blandina alisimama mbele ya meza, mikono juu, ameishika ramani kwenye pembe zake mbili kama mtu anayeanika shuka. Kamati ilikuwa watu watano, na mwenyekiti wao alikuwa mzee Constantine, mwalimu mstaafu wa Ngulyati, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakala wa ranchi, Bwana Marcelo, alikuwa kijana nadhifu, koti la rangi ya mchanga, na kalamu aliyokwisha kuivua kifuniko. Kalamu ile ndiyo iliyomtisha Blandina kuliko watu wote. Ilikuwa inangoja.

Bwana Marcelo alizungumza vizuri. Alisema ajira, alisema majosho, alisema soko huria halimngoji mtu. Kisha akanyoosha kalamu yake. "Na kama mnavyoona, wazee wangu, hatumgusi mkulima. Hatugusi njano. Tunaomba hapa tu, peupe, ambapo hapana kitu." Akasita. "Dada, samahani. Ramani inatetemeka, sisomi."

Watu wakacheka kidogo. Blandina akajaribu kukaza mikono, ikazidi kutetemeka. Ramani ikawa inalia kama bati wakati wa upepo. Pale alipokuwa, nyuma ya karatasi, mwanga wa dirisha ulipenya akaona mviringo wa kalamu ya risasi kwa upande wa ndani, na akafikiri jambo moja dogo: guku yuko njiani sasa hivi anasukuma baiskeli, na usiku analala usingizi kwa sababu mimi nipo humu ndani.

"Si peupe," alisema.

Hakuna aliyesikia. Kalamu ilikuwa inashuka kwenye karatasi ya mapendekezo. Akashusha ramani ili waone uso wake.

"Wazee wangu, shikamooni. Pale si peupe. Weupe ule nimeuweka mimi."

"Blandina!" Januarius alisema kwa meno.

"Mwache," alisema mzee Constantine. "Unasemaje, binti?"

Aliongea akiwa ameegemea meza. "Picha haikuja na rangi, mwalimu. Ilikuja na namba. Namba za pale ni nyasi zilizosimama. Ni ngitili. Kwetu ngitili inapakwa nyeupe mtini, maana yake pana mwenyewe. Nikaipa rangi hiyo hiyo. Sikujua kwamba karatasi yenu inasema nyeupe ni hakuna kitu. Kosa ni langu. Lakini nyasi zipo."

"Huyu ni mtoto wa hukohuko," Bwana Marcelo alisema kwa upole. "Naelewa uchungu wake. Lakini ramani imepigwa na setilaiti, wazee. Mashine haina ukoo."

"Setilaiti haikuchagua rangi," alisema Blandina. "Naombeni dakika moja niwaonyeshe."

Hakungoja ruhusa, kwa sababu alijua akingoja, ujasiri utamtoka. Akawasha kioo. Sapiwi ilikuwa bado zambarau, kama alivyoiacha. Januarius akafumba macho. Blandina akaandika mstari mmoja, ikawa nyekundu. Akaandika mwingine, ikawa nyeusi. Ardhi ile ile, mipaka ile ile, ikibadilika kama kinyonga. Kamati yote ilikuwa imeinuka kwenye viti.

"Mahali popote unaweza?" mzee Constantine aliuliza polepole.

"Popote."

"Geuza mto."

Blandina akatafuta mistari ya maji, akaondoa bluu, akazidisha nyekundu. Mto Simiyu, na vijito vyake vyote, ukawa damu kutoka juu ya kioo mpaka chini.

 Nje jenereta ilikuwa inanguruma. Mama mmoja wa kamati akajishika shingo. Hata Blandina aliogopa alichokifanya. Ulikuwa mto aliobatiziwa.

"Rudisha," alisema mzee Constantine. "Rudisha, rudisha, binti."

Akaurudisha. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimefundisha jiografia miaka thelathini kwa ramani za ukutani," alisema, "na sikuwahi kuuliza nani aliyepaka. Bwana Marcelo, funika kalamu yako. Gari lipo, Sapiwi si mbali. Tunakwenda kupaona kwa macho."

Hakuna aliyemwambia Blandina aje, na hakuna aliyemkataza. Alipanda nyuma ya pikapu na Benedikta akamrushia mfuko wa michembe kama mtu anayesafiri mbali. Januarius alikaa mbele bila kugeuka. Njiani walimkuta mzee Mboje na baiskeli yake, wakampakia. Aliuliza kuna nini. Mara hii Blandina alimjibu. Alimwambia yote, kwa Kisukuma, huku vumbi likiwapiga usoni. Mzee alisikiliza akitazama barabara inavyokimbia nyuma.

"Kwa nini ulipaka nyeupe?"

"Kwa sababu wewe unapaka nyeupe, guku."

 Mzee alisugua udongo kwenye kucha zake. "Lo," alisema mwishowe. "Basi tulipaka wote wawili."

Ngitili ilikuwa pale ilipo. Nyasi za rangi ya asali zimesimama kifuani, zinapiga kelele zake za ukavu, na kware wakaruka mbele ya miguu ya kamati. Nje ya uzio ule usio na waya, kila upande, ardhi ilikuwa imetafunwa mpaka mfupa. Kwenye mpaka, mti baada ya mti, mkanda mweupe kimo cha kifua. Na ndani, vigingi vinne vya chuma.

Bwana Marcelo alipita kati ya miti miwili iliyokaribiana, na bega la koti lake likatoka na udongo. Akajipangusa, ukasambaa.

"Hukuona mlango?" mzee Mboje alimwuliza, bila ukali wowote.

"Mlango uko wapi, mzee?"

"Umeuvaa."

Mwalimu Constantine hakucheka. Alikuwa anahesabu miti, akiandika kwenye daftari lake, na alipomaliza alisema kwamba kamati haitasaini kitu juu ya Sapiwi, si leo wala kesho, mpaka ukoo wenyewe wakae na kamati waseme. Kisha akageuka akamwuliza Januarius, "Hilo jedwali la rangi, limetumika kata hii tu?"

Januarius akamtazama Blandina. Blandina alilijua jibu. Maana mwezi wa saba disketi yenye jedwali lile lile, mistari ile ile kumi na sita, ilikwenda Shinyanga kwa ajili ya kata nyingine nane. Alikuwa ameifunga bahasha mwenyewe na kulamba gundi.

"Hapana," alisema. "Zipo nyingine nane."

Walirudi ofisini, watu wakatawanyika, Januarius akabaki. Alisimama mlangoni na funguo. Blandina alikuwa ameshakunja daftari lake na kitambaa chake, tayari kwa lile alilojua linakuja.

"Umenidanganya. Umesema unafuta vumbi."

"Ndiyo, bosi."

"Ningekufukuza sasa hivi." Akazungusha funguo kidoleni. "Lakini hapa ni nani mwingine anayejua zile namba ni nini? Kesho uje alfajiri. Tunakwenda Shinyanga kuifuata hiyo disketi, kama haijafunguliwa. Na ufunguo wa ramani utauandika wewe, kwa mkono wako. Tukirudi, sijui. Sikuahidi kitu."

"Na ikiwa imefunguliwa?"

 Januarius alizima jenereta na ghala likanyamaza.

Asubuhi ilikuwa bado kijivu Blandina alipofika. Benedikta alikuwepo, amewasha mkaa, kikombe kimoja mkononi. Gari lilikuwa linapashwa moto nje.

"Leo natega mimi," alisema Blandina. "Kitendawili."

"Tega!"

"Nimemfunika mtoto kwa shuka jeupe asiguswe. Wageni wakapita, wakasema kitanda kitupu."

Benedikta akakuna kichwa, ingawa alikuwa anajua, ndivyo Blandina alivyomwona machoni. Alijua kabisa. Lakini aliona uso wa binti yule ulivyokauka, akataka kumchekesha, mchezo uende kama unavyokwenda siku zote.

"Nimeshindwa! Haya, nakupa mji. Chukua Shinyanga."

Blandina alishika mlango wa gari. 

"Usinipe," alisema. "Mama, tafadhali, usimpe mtu mji leo. Nitakujibu nikirudi."